SOMO LA MWEZI: Uvimbe wa Titi na Tezi za Kwapani



Mama mmoja mchuma chai upande wa Kericho alificha uvimbe wa titi miezi saba. Hakuogopa sana kukatwa titi, aliogopa mkono. Alimwona jirani yake, baada ya kupasuliwa kwapa, mkono ukavimba asiweze tena kuchuma. "Mkono ukienda, watoto watakula nini?" alituuliza. Tujifunze pamoja.

Kwa nini kwapa huchunguzwa?
Saratani ya titi ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia kwanza tezi za kwapani, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Daktari lazima ajue kama imefika huko ili apange matibabu. Zamani karibu kila mgonjwa aliondolewa tezi 10 au zaidi. Lakini tezi hizo ndizo hupitisha maji yanayotoka mkononi. Zikitolewa zote, karibu mtu mmoja kati ya watano huvimba mkono.

Njia zisizoumiza sana
1. Altrasaundi na sindano. Kwapa hupigwa picha. Tezi yenye shaka hudungwa sindano, chembe kidogo zikapimwe. Mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

2. Kupima tezi za kwanza. Picha ikiwa safi, daktari hudunga rangi ya buluu karibu na chuchu wakati wa upasuaji. Rangi hufuata njia ambayo saratani ingefuata. Tezi zinazoipokea kwanza, kwa kawaida moja hadi tatu, hutolewa na kupimwa. Zikiwa safi, zilizobaki huachwa. Hapo wanaovimba mkono ni karibu mmoja kati ya 20. Mkojo ukiwa wa kijani siku moja au mbili, usishtuke, ni ile rangi.

Tena mwaka 2023 madaktari wa Milan, Italia, walionyesha kwamba wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na altrasaundi safi waliweza kuachwa bila kupasuliwa kwapa kabisa, wasipate hasara.

Tukumbuke
Njia hizi husaidia zaidi uvimbe ukiwa bado mdogo. Kumbe kuficha ndiko kunakohatarisha mkono! Mama yetu alipokwenda, saratani ilikuwa imeshajaa kwapani, ikabidi tezi nyingi zitolewe. Leo anafanya mazoezi ya mkono kila asubuhi, na ndiye aliyetuomba tuandike somo hili.

Ukigusa uvimbe, anzia zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa kama Tenwek kule Bomet au ile ya rufaa ya Kericho. Si kila hospitali ina njia hizi zote, kwa hivyo uliza: "Daktari, lazima tezi zote zitolewe? Naweza kupimwa chache kwanza?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Maswali ya kujadili
- Ni nini huwafanya akina mama wetu wafiche uvimbe?
- Mwenzetu akilazwa, nani atamsaidia shambani na kwa watoto?
- Je, kikundi chetu kinaweza kuweka akiba ya nauli ya hospitali?