Somo: Kompresa ya Upepo katika Basi au Lori Kuukuu – Pima Kabla ya Kununua

Lengo la somo

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya mmiliki wa basi, lori, au gari la watalii lililojengwa juu ya chasisi ya lori, ambalo hutumia breki za upepo na limekwisha kufanya kazi miaka mingi. Geji ya upepo ikianza kupanda polepole, kauli isikikayo mara nyingi gereji ni kwamba kompresa imekufa. Mmiliki hununua nyingine, hufungiwa, na baada ya siku chache upepo hupungua kama awali, kwa kuwa kilichoharibika hakikuwa kompresa. Twataka msomaji aweze kumwuliza fundi maswali yafaayo, ili asilipie kifaa kisichohitajika, wala asiingize barabarani gari lenye breki za kubahatisha.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Kompresa ni pampu ya pistoni inayoendeshwa na injini kwa gia au kwa mkanda. Huvuta hewa kupitia chujio, huishindilia, na kuipeleka kwa bomba hadi kwenye kikaushio, ambacho mafundi hukiita draya. Humo unyevu na mafuta huondolewa, kisha hewa huhifadhiwa katika mitungi. Kifaa kiitwacho gavana huipumzisha kompresa geji inapofika takriban bar 8, na kuirudisha kazini shinikizo linaposhuka karibu na bar 7. Viwango kamili hutofautiana, navyo huonyeshwa katika kitabu cha gari.

Upepo ukishuka hadi kiasi cha bar 4, taa au king'ora humwonya dereva. Ukizidi kushuka, springi kali zilizomo katika chemba za breki hujifunga zenyewe. Gari linaloteremka Mlima Kitonga mkoani Iringa hutumia upepo kila dereva anapokanyaga breki; ikiwa kompresa hairudishi kinachotumika, onyo hilo huja katikati ya mteremko, mahali ambapo nafasi ya kuchagua ni ndogo. Kwa hiyo gari ambalo king'ora chake kinalia lisiendeshwe, hata kwenda gereji.

Vipimo vya kufanya kwanza

Egesha gari mahali tambarare na uweke kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha fuata mpangilio huu pamoja na fundi wako.

1. Muda wa kujaza. Injini ikizunguka kwa kasi ya kazi, hesabu sekunde ambazo geji hutumia kupanda kutoka pauni 85 hadi pauni 100, yaani kutoka karibu bar 6 hadi karibu bar 7. Katika mafunzo ya madereva wa magari makubwa nchini Marekani, kikomo kinachofundishwa ni sekunde 45.

2. Uvujaji. Mitungi ikiwa imejaa, zima injini na ulegeze breki ya kuegesha huku kabari zikiwa mahali pake. Kwa gari lisilo na tela, shinikizo lisishuke zaidi ya pauni 2 kwa dakika moja. Kanyaga pedali ya breki na uishikilie; baada ya mshuko wa kwanza, lisipungue zaidi ya pauni 3 kwa dakika. Likizidi hapo, upepo unavuja, na kompresa mpya haitaziba tundu.

3. Maji ya sabuni. Paka povu kwenye viungo vya mabomba, gavana, na tundu la kutolea uchafu la kikaushio. Povu likitutumka, hapo ndipo panapovuja. Tundu la kikaushio likitoa upepo mfululizo wakati kompresa ingali inajaza, valvu yake imekwama.

4. Njia ya hewa. Kagua chujio na mkanda. Injini ikiisha kupoa na mitungi ikiisha kutolewa upepo wote, mwombe fundi afungue bomba litokalo kwenye kompresa. Masizi magumu yaliyoganda ndani huibana hewa na kuipasha moto kompresa kupita kiasi.

5. Mafuta mitungini. Maji kidogo si ajabu. Oili nyingi ni dalili ya ringi zilizolika, lakini pia yaweza kutokana na njia ya kurudishia oili iliyoziba, au kompresa isiyopata kupumzika kwa sababu ya uvujaji. Usikubali hukumu kabla ya sababu hizi nyingine kuondolewa.

Kukarabati au kubadilisha

Ikiwa vipimo vyote vinaelekea kwenye kompresa, bado yaweza kukarabatika. Seti ya ukarabati kwa kawaida huwa na ringi, valvu na gasketi. Hata hivyo, silinda ipimwe kwanza: ikiwa imechubuka au imetanuka kupita kiwango, ringi mpya hazitadumu. Kichwa kilichopasuka nacho chaweza kuingiza maji ya rejeta katika mfumo wa upepo.

Kompresa ikibadilishwa, mabomba yasafishwe na katriji ya kikaushio iwekwe mpya, la sivyo uchafu wa zamani utakiharibu kifaa kipya. Kipimo cha kwanza na cha pili virudiwe mbele yako kabla ya malipo ya mwisho.

Tahadhari: chemba ya breki yenye springi isifunguliwe kwa majaribio. Springi iliyobanwa humo ina nguvu ya kuua. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kuifungia.

Mjilinde kwa maandishi

Kabla ya kazi, dai makadirio yanayotenganisha bei ya vipuri na ujira wa fundi. Taja kwamba vipuri vya zamani virejeshwe mikononi mwako. Kama kompresa ni ya mtumba, risiti iseme hivyo, na muda wa dhamana uandikwe. Nchini Tanzania, dai risiti ya mashine ya EFD. Ndiyo ushahidi wako wa kwanza kukitokea mgogoro. Kipuri unachokishuku kuwa bandia kihifadhiwe pamoja na kasha lake, nawe utoe taarifa kwa Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia na ulinzi wa mlaji. Usikitupe wala kukirudisha kwa muuzaji kabla ya kupata maelekezo.

Fundi mwaminifu hatachukizwa na madai haya, kwa sababu yanamlinda yeye pia.

Maswali ya kujipima

1. Geji hupanda upesi, lakini injini ikizimwa shinikizo hushuka pauni 6 kwa dakika. Je, utanunua kompresa?
2. Taja sababu tatu za oili kuonekana mitungini.
3. Ni vipimo vipi virudiwe mbele yako baada ya ukarabati?
4. Katika risiti yako ya mwisho ya gereji, je, unaweza kutofautisha bei ya kipuri na ujira wa fundi?