Kutunza Programu Iliyoandikwa na Wengine

Maktaba nyingi siku hizi hutumia programu iitwayo Koha kuorodhesha vitabu na waazimaji. Programu hii ilianzishwa New Zealand, ikaanza kazi mwaka 2000, na jina lake katika lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Kila mtu ana ruhusa kuisoma na kuibadili apendavyo. Lakini hapo ndipo taabu inapoanza. Watengenezaji hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, lenye kusahihisha makosa na kuziba matundu ya usalama. Ukiliweka juu ya lile la zamani, mabadiliko uliyoandika ndani yake hufutika. Ukilikataa, habari za waazimaji zimo hatarini. Basi, tufanyeje?

Nataka kueleza njia ya kutumia Git, chombo cha kutunza historia ya maandishi ya programu, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Historia hiyo yaweza kuwa na matawi mengi. Sisi twahitaji mawili tu.

Kwanza, tawi la asili. Humo weka programu kama ilivyotoka kwa wenyewe, usiguse hata nukta.

Pili, tawi letu, lililochipuka katika lile la asili. Mabadiliko yote yafanywe humu, kila moja peke yake, pamoja na maneno machache ya kueleza sababu yake.

Tatu, toleo jipya likifika, liingize katika tawi la asili, kisha uliunganishe na tawi letu.

Kwa nini tusitunze nakala yetu peke yake? Fikirini daftari la mwanafunzi aliyechanganya maneno ya mwalimu na maoni yake mwenyewe. Mwalimu akisahihisha somo, yeye hajui afute lipi. Git hulinganisha mambo matatu: asili ya zamani, asili mpya, na kazi yetu. Palipobadilishwa na upande mmoja, huunganisha chenyewe. Pande zote mbili zikigusa mstari ule ule kwa namna mbalimbali, husimama na kutia alama, ili mtu aamue. Hata hivyo ijaribuni programu kabla ya kuitumia, kwa maana Git hulinganisha maandishi tu, hakielewi maana yake.

Tena, badilini machache. Kila mstari mlioubadili huweza kuwapa kazi tena toleo jipya lijapo. Marekebisho yanayofaa wengine yapelekeni kwa watengenezaji. Wakiyakubali, yatarudi kwenu ndani ya toleo lijalo.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaotunza programu za namna hii makazini, tazameni leo kama nakala ya asili ipo.