Kuchagua Fayawoli Inayofaa kwa Tovuti ya Kikundi au Biashara

SACCOS, shule na wafanyabiashara kadhaa wa kata zetu wana tovuti, na baadhi hukusanya humo majina na namba za simu za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji wa taarifa hizo azilinde. Fundi aliyejenga tovuti akishalipwa na kuondoka, dhamana hubaki kwenu.

Kinga mojawapo ni fayawoli, yaani ukuta unaokagua maombi yanayoingia. Hapa ndipo wengi hukosea. Fayawoli ya mtandao hutazama milango tu: huacha wazi namba 80 na 443 zinazopitisha kurasa, na kufunga mingine. Ni kama mlinzi wa getini asiyefungua mfuko wa mtu. Mhalifu anayeandika amri za hifadhidata ndani ya fomu ya kujiunga hupita mlango uleule wa 443 kama mteja. Anayemzuia ni fayawoli ya tovuti, isomayo maudhui ya ombi lenyewe.

ModSecurity hufungwa kwenye seva na haiuzwi, lakini inahitaji fundi wa kudumu, kwani kanuni zake zisiporekebishwa huweza kumzuia hata mwanachama halali. Wenye tovuti za WordPress huweza kutumia Wordfence. Toleo lake la bure hupokea kanuni mpya siku 30 baada ya wanaolipia. Tena, hufanya kazi ndani ya seva ileile, hivyo wimbi kubwa la maombi huwa limekwishafika nyumbani.

Huduma kama Cloudflare hukaa mbele ya tovuti na kupokea wimbi hilo kwanza. Ina kifurushi cha bure, na kwa kikundi kisicho na fundi, kwa maoni yetu, ndiko pa kuanzia. Ila mhalifu akiijua anwani halisi ya seva huizunguka. Mwagizeni mwenye seva akubali maombi yanayotoka kwa mtoa huduma huyo pekee.

(Nywila ya “12345” haina ukuta wa kuisaidia.)

Kabla ya kulipa, muulizeni fundi: nani atahuisha kanuni, na nani atasoma kumbukumbu za mashambulizi? Kisha aiwashe kwanza katika hali ya kuangalia bila kuzuia, kwa wiki moja au mbili, ili muone ni maombi gani halali yangekataliwa.