Ifahamu Serikali Yako: Sauti ya Mkazi Ina Msimu Wake

Kila mwaka ifikapo Julai 1, kipindi kipya cha fedha huanza. Ndipo wakazi wengi huuliza mbona barabara yao au zahanati yao haimo katika bajeti. Swali hilo ni la haki, lakini kufikia siku hiyo bajeti huwa imeshapitishwa. Katika somo la toleo hili tunaeleza mamlaka ya serikali hutoka wapi, yamegawanywa vipi, na ni wakati gani mkazi wa kawaida anaweza kubadilisha matumizi ya pesa za kaunti.

Mamlaka ni ya nani?

Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, inasema katika Kifungu cha 1 kwamba mamlaka yote makuu ni ya wananchi. Wananchi wanaweza kuyatumia kwa njia mbili: wao wenyewe moja kwa moja, au kupitia viongozi waliowachagua kidemokrasia. Wengi wetu tunaijua njia ya pili, ile ya kupiga kura kila baada ya miaka mitano. Njia ya kwanza hutumika mwaka mzima, na ndiyo inayoitwa kushirikisha umma. Demokrasia inahitaji njia zote mbili.

Serikali mbili, kazi tofauti

Ugatuzi ni kugawa mamlaka na fedha kati ya serikali ya kitaifa na serikali 47 za kaunti, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha kazi za kila upande. Kaunti inasimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo, maji, masoko, barabara za kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa inasimamia polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu.

Kwa hivyo, paa la darasa la chekechea likivuja, nenda kwa kaunti. Likivuja la shule ya sekondari, mlango ni mwingine. Kujua mlango sahihi kutakuokolea nauli na miezi ya kusubiri.

Ndani ya kaunti kuna pande mbili

Upande wa kwanza ni serikali tendaji: gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti na maafisa walio chini yao, hadi msimamizi wa wadi. Hawa huandaa mipango na kuitekeleza. Upande wa pili ni bunge la kaunti, lenye wawakilishi wadi, ambao tumezoea kuwaita MCA. Hawa hutunga sheria za kaunti, huidhinisha bajeti na kuchunguza jinsi serikali tendaji inavyofanya kazi.

Huu ndio mgawanyo wa mamlaka. Anayetumia pesa si yule anayeziidhinisha, ili kila upande uwe jicho kwa mwenzake. Ndiyo maana Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza mwakilishi wadi kujihusisha na utekelezaji au utoaji wa huduma. Hapaswi kuulizwa, "Umejenga nini kwa pesa zako?" Aulizwe, "Umetetea nini bungeni, na umefuatilia vipi pesa tulizotengewa?"

Safari ya ombi moja

Tuseme wakazi wa kijiji fulani wanataka zahanati yao iongezewe chumba cha kujifungulia. Kina mama wa hapo husafiri usiku hadi hospitali iliyo mbali. Ombi hilo linapaswa kupitia hatua zifuatazo.

Kwanza, Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao hudumu miaka mitano. Sheria hairuhusu fedha za umma zitengwe nje ya mipango ya kaunti, kwa hivyo hitaji hilo lazima lionekane humo.

Pili, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Huu hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza.

Tatu, Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaofikishwa bungeni kufikia Februari 28. Huu ndio unaoweka kiwango cha juu cha fedha kwa kila idara. Idara ya afya ikitengewa kidogo hapa, kuongeza baadaye ni vigumu.

Nne, makadirio ya bajeti, yanayowasilishwa kufikia Aprili 30. Wawakilishi wadi wanaweza kuyabadilisha, lakini wakiongeza pesa mahali pamoja lazima wapunguze kwingine. Basi mkazi anayefika kwenye kikao na kusema "tuongezewe" ana nguvu zaidi akisema pia kipi kipunguzwe.

Bajeti inapaswa kuwa imepitishwa kufikia Juni 30. Anayeleta ombi Julai hajakosa haki yake, ila huenda akangoja mwaka mwingine mzima. Chelewa chelewa, utapata mwana si wako.

Je, vikao hivi ni vya kutimiza sheria tu?

Hapana, na mahakama imelisema hilo waziwazi. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, iliyoweka ada na kodi za kaunti hiyo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilieleza kwamba tangazo la gazetini halitoshi. Serikali inapaswa kuwafikia watu walipo: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kupitia redio za lugha wanazozielewa.

Uamuzi huo unatuhusu sote. Kikao kikiitishwa leo kwa ajili ya kesho, au stakabadhi zikakosekana, una haki ya kulalamika na kutaka jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Baada ya bajeti kupitishwa

Kazi ya mkazi haiishi hapo. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kila raia anaweza kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza taarifa zilizo mikononi mwa serikali, kwa mfano mkataba wa ujenzi wa chumba hicho cha kujifungulia. Ofisi inapaswa kujibu katika muda wa siku 21. Ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe katika saa 48. Asiyeweza kuandika lazima asaidiwe na afisa husika.

Pia unaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti kulitaka lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Vikao vyake viko wazi kwa umma.

Maswali ya kujadili katika chama au baraza lenu

1. Taja hitaji moja kuu la kijiji chenu. Je, ni jukumu la kaunti au la serikali ya kitaifa?

2. Je, hitaji hilo limo katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka? Nakala iulizwe kwa msimamizi wa wadi.

3. Nani kati yenu atahudhuria kikao kijacho cha bajeti, na atasema pesa zitoke wapi?