Karatasi ya mahudhurio si mkataba

Msomaji wa Keringet ameniandikia kwamba wageni waliitisha mkutano karibu na msitu wa Mau, wakaeleza habari za pesa za kaboni, kisha wakapitisha karatasi yenye safu tatu: jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Juu yake hakukuandikwa kitu. Kila aliyetia sahihi alipewa soda na shilingi 200 za nauli. Sasa anauliza kama wameuza msitu.

Hamjauza, msitu wa serikali hauuzwi kwa soda. Ila karatasi isiyo na kichwa huandikiwa kichwa baadaye, na wenye hila wanaweza kuipeleka ofisini kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Mtego uko hapo.

Wageni hao waliwatajia Gazi, kule Kwale. Mfano ni mzuri, ila waliusimulia nusu. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hiyo mvuvi wa Gazi na mfugaji wa Keringet wanabanwa na Sheria moja ya Misitu, ya 2016. Mradi wa kaboni wa huko, Mikoko Pamoja, ulianzishwa 2013 ukalinda hekta 117 za mikoko, lakini ulisimama juu ya mkataba kati ya chama cha jamii cha msitu na Shirika la Misitu la Kenya (KFS). Wakazi wa Gazi na Makongeni ndio wanaoamua pesa ziende wapi, na zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji ya bomba. Waulizeni wageni wenu: mkataba wetu na KFS uko wapi?

Tena, tangu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi irekebishwe 2023, mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma lazima uwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, na kaunti isimamie mazungumzo yake. Ni afisa gani wa Nakuru aliyeketi kwenye mkutano ule? Kama hakuwapo, mlihudhuria mkutano tu, hamkukubaliana chochote.

Hata sheria yenyewe ina kasoro. Inaahidi jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, lakini baada ya kuondoa gharama za kuendesha mradi. Na anayepiga hesabu ya gharama ni mwenye mradi! Magari, washauri na hoteli za Nairobi zote zitaitwa gharama, na asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa asilimia 40 ya hewa. Wabunge walipaswa kuweka kikomo.

Sheria ya Misitu nayo inairuhusu KFS kufuta mkataba wa jamii kwa kutoa notisi ya siku 30 ya kujieleza. Anayetia sahihi nanyi ndiye anayewahukumu. Haki ya kujieleza hivyo ni nyembamba mno.

Hata hivyo msikae kimya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, mlalamikieni Ombudsman. Mambo yakifika mahakamani, kifungu cha 70 cha Katiba hiyo hiyo, kuhusu haki za mazingira, hakiwalazimishi kuthibitisha kwamba mmepata hasara.

Andikeni barua mbili wiki hii: moja kwa wageni, mkiondoa sahihi zenu, na nyingine kwa afisa wa msitu, mkidai nakala ya kila karatasi yenye majina yenu. Hakikisheni nakala mnayobaki nayo imepigwa muhuri na kutiwa tarehe.