Kiharusi na Urithi wa Ukoo

Baba wa nyumba akianguka kwa kiharusi, wakwe huanza kunong'ona: "Ni yale mafuta anayopikiwa na mkewe." Nyumba hukosa amani. Lakini sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki sufuriani; mwili wenyewe huitengeneza.

Ini ndilo huiondoa kolesteroli mbaya katika damu, kwa vipokezi vyake. Madaktari wa Marekani Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua vipokezi hivyo, wakatunukiwa Nobeli mwaka 1985. Aliyerithi jeni yenye kasoro, kwa baba au kwa mama, ana vipokezi pungufu tangu kuzaliwa, hata akiwa mwembamba na mla sukuma wiki. Mafuta hujipachika ndani ya mishipa. Moyo ndio huumia zaidi, na mshipa wa ubongo nao waweza kuziba. Mtu 1 hivi kati ya 300 ana kasoro hiyo, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Basi ulizaneni bila aibu: nani kwetu alikufa ghafla kabla ya miaka 55? Kama yupo, pimeni damu, na watoto pia. (Presha nayo ipimwe, hiyo ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha kiharusi.) Dawa za statini hupunguza kolesteroli, ila mama anayetazamia mimba amwone daktari kwanza. Naye mama mkwe aelezwe na mwanawe mwenyewe, si na mkaza mwana.