Usimamizi wa Mume na Chumo la Mke

Katika mambo wanayobishana watu wa miji yetu siku hizi, barazani na majumbani, halipo lipandishalo sauti kama hili: ni nani mwenye amri katika nyumba ambayo mke naye huleta riziki? Waume wengi hujibu kwa aya ya 34 ya Suratun Nisaa, isemayo kuwa wanaume ni wasimamizi wa wanawake. Aya ni haki, wala hapana Muislamu awezaye kuikataa. Lakini twaona kuwa wengi waitajao huishia nusu ya njia. Basi na tuisome na sababu zake.

Mwenyezi Mungu hakuuacha usimamizi huo usimame peke yake; ameutegemeza juu ya mambo mawili. La kwanza ni fadhila aliyowapa baadhi ya viumbe wake kuliko wengine, na la pili ni mali ambayo wanaume huitoa. Hilo la kwanza wafasiri wamelizungumza sana na kukhitalifiana katika upana wake, leo hatuliingii. La pili halina kificho. Imamu Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, ataja katika tafsiri yake kwamba wanazuoni walifahamu kutokana na maneno hayo kuwa mume ashindwapo kutoa masurufu huwa si msimamizi tena, na mke ana haki ya kutaka ndoa ivunjwe. Na hiyo ndiyo kauli ya Malik na Shafi. Abu Hanifa hakuona hivyo. Kwake mwenye dhiki hungojewa mpaka afarijike. Wengi wetu hapa pwani tu Mashafi, na ni ajabu kwamba kauli hii ya madhehebu yetu wenyewe haisikiki katika khutba za harusi.

Imamu Nawawi katika Minhaj yake ameyapima masurufu hayo kwa kipimo: kila siku mudi mbili kwa mume tajiri, moja na nusu kwa wa kati, na moja kwa maskini, mbali na kitoweo, nguo na makazi. Asipotoa, huwa ni deni shingoni mwake, halifutwi kwa kupita siku. Na mke akitaka ndoa ivunjwe kwa ufukara wa mume, mume hupewa muhula wa siku tatu, na ndani ya muhula huo mke ana ruhusa ya kutoka kutafuta chakula chake. Yaani hata wanazuoni wa zamani zile walijua kwamba utii na masurufu vimefungwa kamba moja.

Je, mke akiwa na mali, wajibu huo humwondokea mume? La. Aya mbili kabla ya hiyo, katika sura hiyo hiyo, Mola ameeleza kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Bibi Zainab, mkewe Abdullah bin Masud, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama yamtosha kumpa mumewe na mayatima aliowalea, akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Tulitazame neno hilo, sadaka. Mtu hatoi sadaka kwa kumlipa mwingine haki yake. Na Bibi Hindi alipomshitaki mumewe Abu Sufyani kwa ubakhili, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema.

Sasa na tuyatazame ya leo. Wako wanawake wetu waliokwenda Saudia kufanya kazi za majumbani, wakawa kila mwezi wapeleka fedha kwa simu; kwa fedha hizo watoto hulipiwa karo, na kuta za nyumba hupanda. Naye mume aliyebaki huzipokea kama mwenye shamba apokeavyo mazao yake, na mke akiuliza hesabu huambiwa amekosa adabu. Huyu ashika nusu ya aya, na ile nusu ya pili mkewe ndiye aitimizaye.

Wako na wengine, khasa vijana waliosoma, wasemao: na usimamizi ufutwe kabisa, kila kitu kiwe nusu kwa nusu. Hawa nao hatuwaungi mkono. Mke achukuaye mimba, akazaa, akanyonyesha, akitakiwa pia kutoa nusu ya kodi, amebebeshwa mizigo miwili kwa jina la usawa. Ama kutoka kwenda kazini, fiqhi yetu yataka ridhaa ya mume; kwa hivyo jambo hilo na lisemwe kabla ya nikahi, si baada ya ugomvi.

Serikali nayo ina lake. Katiba ya mwaka 2010 yawapa wanandoa haki sawa, ikaacha nafasi kwa Sharia yetu katika mahakama za Makadhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yahesabu hata kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango, lakini yamruhusu Muislamu afuate Sharia yake. Na katika Sharia yetu mali ya wanandoa haichanganyiki kwa ndoa. Kila mmoja ana chake, kwa ushahidi.

Hapo ndipo wake wengi hupotelewa. Fedha alizotoa mke kujenga zilikuwa nini: zawadi, mkopo, au sehemu yake katika nyumba? Lisipotajwa siku ile, likaandikwa mbele ya mashahidi kama Suratul Baqara yatufundishavyo katika madeni, huja kutajwa na warithi. Tuchukue mathalan nyumba ya shilingi 2,400,000, ambayo nusu ya gharama ilitoka kwa mke, na hati ina jina la mume peke yake. Mume akifa na kuacha watoto, mjane huyo hurithi thumuni ya nyumba nzima, yaani shilingi 300,000. Lau sehemu yake ingaliandikwa, angalitoa kwanza 1,200,000 zilizo mali yake, kisha akarithi thumuni ya nusu iliyobaki, 150,000. Baina ya hesabu hizo mbili pana shilingi 1,050,000, nazo hugawanywa kwa warithi wengine hali ni jasho lake.